"Weka pevingi yote uone raha" na mengine tunayodanganyana kuhusu nje ya nyumba zetu

Niseme mapema, mi sio mtaalamu wa haya mambo. Ni mtu tu mwenye kiwanja cha 20 kwa 20 huku pembezoni mwa Dar ambaye ameshafanya karibu makosa yote kwenye uwanja wake, mengine mara mbili, na sasa kila ndugu anayemalizia nyumba ananiita nikamwangalizie nje kabla hajaita fundi. Na kila ninapoenda nakuta maneno ni yale yale. Mtu kajenga miaka saba, hela ikabakia kidogo, nje anaimaliza wiki moja kwa kufuata alichosema jirani, af jioni familia nzima iko ndani na feni kwa sababu nje hakukaliki.

Tuanze na hili kubwa maana ndilo lililonila mwenyewe.

"Ukishaweka pevingi kuanzia geti mpaka ukuta wa nyuma, umemaliza"

Fundi aliniambia bosi tukifunika yote hakuna vumbi, hakuna tope, hakuna kufyeka, nikasema huyu ananisoma moyo. Tukafunika kila kitu, na nafasi kati ya tofali na tofali akazipiga saruji ili majani yasichomoze. Ikapendeza kwelikweli, nikapiga picha nikarusha kwenye grupu la familia, watu wakanipongeza. Af masika ikaingia.

Hesabu yake ni rahisi na laiti ningeifanya mapema. Mvua ya milimita moja ikinyesha kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Bati langu ni kama mita 150 za mraba, uwanja uliobaki ni 250. Sasa ipige mvua ya milimita 50 kwa siku, ambayo kwa Dar mwezi wa nne wala sio kitu cha kushangaa, hapo nina lita 20,000 zinazotafuta pa kwenda, yani matenki manne ya lita 5,000 yamepasuka uwanjani kwangu kwa mpigo. Zamani yale maji yalikuwa yananywewa na kichanga na wala sikuwa najua kama yapo. Sasa kichanga kimefunikwa, saruji imeziba kila upenyo, na fundi alilaza kwa macho tu bila kupima, kwa hiyo slopu ilikuwa imelalia wapi? Mlangoni. Saa nane usiku nimeshika ndoo sebuleni, kapeti la mke wangu linaelea, na yeye amesimama kwenye kochi ananiangalia tu, hasemi kitu.

Ukweli ni kwamba pevingi haina ubaya, ubaya ni kuiweka kila kona. Ilaze sehemu ya paking na njia ya kutoka geti mpaka mlangoni, ilazwe juu ya mchanga na nafasi zake zijazwe mchanga, maji kiasi yatapenya. Slopu iwe sentimita 1 mpaka 2 kwa kila mita, ikikimbia nyumba, na ipimwe kwa ule mpira mweupe wa kujaza maji, fundi akikwambia yeye ana jicho mwambie jicho akaliweke kwake. Mi ilibidi ning'oe kipande cha upana wa hatua mbili upande wa chini wa uwanja, mbali na msingi, tukachimba mtaro wa kina cha goti, tukajaza kokoto kubwa chini na ndogo juu, maji ya kwenye gata yakaingia kwanza kwenye tenki, tenki likijaa ndio yanamwagikia mtaroni. Masika iliyofuata nililala.

Na bado sijasema kuhusu joto. Pevingi inakunywa jua mchana kutwa, ikifika jioni inaanza kulitapika, saa ile ile ambayo we umetoka kazini unataka kukaa nje na chai yako. Usinibishie, saa kumi na mbili jioni vua ndala ukanyage pevingi iliyoshinda juani, af sogea ukanyage chini ya mwembe.

"Miti inabomoa nyumba"

Hii ina ukweli nusu ndio maana haifi. Mzizi hauna nyundo, hauwezi kuvunja bomba zima. Mzizi unafuata unyevu, sasa kama bomba lako la maji taka lina ufa au kiungio kinavuja basi umeualika mwenyewe, utaingia na kunenepa humo mpaka choo kizibe. Ila ipo miti ambayo ni ya kuogopa kweli, hasa hii jamii ya mikuyu pamoja na fikasi zile tunazonunua barabarani zikiwa kwenye poti zimekatwa kama mpira, watu wanazipeleka chini mita moja toka ukutani halafu wanashangaa baada ya miaka kumi. Mizizi ya mti mwingi haiendi chini sana kama tunavyofikiri, mingi iko juu juu na inatambaa kupita hata mwisho wa matawi. Kwa hiyo mwembe au mwarobaini mpe nafasi, mita kadhaa toka msingi na mbali na shimo la choo, na kama kiwanja kimebana chukua mkomamanga, mpera, mstafeli, mlimao, hiyo haikusumbui.

Ila kosa ninaloliona zaidi sio kupanda karibu, ni kupanda upande usio na faida. Dar iko karibu sana na ikweta, saa sita mchana jua liko juu ya kichwa na bati ndilo linalolibeba. Jua linalotutesa ni la saa tisa mpaka saa kumi na mbili, linaloingia kwa ubavu toka magharibi na kuchoma ukuta mpaka usiku chumba ni tanuri. Kwa hiyo kama una hela ya mti mmoja tu, upande magharibi. Shemeji yangu alipanda miashoki kumi na nne, ile mirefu iliyonyooka kama mishumaa, imejipanga kwenye ukuta kama gwaride, af akaniuliza mbona hakuna kivuli. Shem, kivuli cha mshumaa ni cha nani? Ile ni ya kuziba macho ya jirani, kwa kazi hiyo ni sawa kabisa.

Halafu kuna wanaosema mti karibu na dirisha usiku unakuua kwa sababu unatoa hewa chafu. Tulifundishwa nusu ya somo shuleni. Ni kweli usiku mmea unatoa kaboni daioksaidi lakini ni kidogo mno, huyo unayelala naye kitanda kimoja anatoa nyingi kuliko maua yote ya dirishani na bado umeamka.

"Majani na maua ndiyo yanayoleta mbu"

Mama mkwe wangu alifyekesha kila kitu kwa sababu hii, akabakiza poti sita za maua kibarazani kwa ajili ya urembo. Siku moja nimekaa pale naumwa mbu kifundoni saa nne asubuhi, nikainama nikainua poti moja, kwenye kile kisahani cha chini kulikuwa na maji ya kama nusu kikombe na viluwiluwi wanacheza humo, wanapanda wanashuka. Poti zote sita.

Mbu hazaliwi kwenye majani. Wanajificha humo mchana, ni kweli, kwenye kivuli chenye unyevu, kwa hiyo kichaka kinene mlangoni sikutetei. Ila kuzaliwa wanazaliwa kwenye maji yaliyotuama, na huyu anayeuma mchana, mwenye miguu ya madoa meupe, anayebeba dengi iliyoisumbua Dar 2014 na tena 2019, yeye hana haja na dimbwi, kwake kifuniko cha chupa kinatosha. Toka yai mpaka mbu anayeruka ni kama siku 7 mpaka 10 kwenye joto letu. Na mayai yake yanaganda ukingoni mwa chombo na kuvumilia ukavu miezi mingi, ndio maana kumwaga maji tu haitoshi, sugua. Kwa hiyo ratiba yangu ni kila Jumamosi: visahani, tairi la bembea la watoto (toboa chini liwe linamwaga), gata iliyoziba majani, mfuniko wa tenki, ndoo za fundi alizosahau. Robo saa tu.

Na mchaichai? Panda, chai yake tamu. Ila kuupanda tu na kukaa karibu nao hakufukuzi mbu, harufu imefungiwa ndani ya jani, mafuta yaliyokamuliwa ndiyo yanasaidia na yenyewe kwa muda mfupi.

Nyoka ni habari hiyo hiyo. Nyoka hafuati maua, anafuata panya na chura, na panya anafuata rundo la matofali na mbao ulilobakiza nyuma ya jiko toka mwaka ule wa ujenzi. Ondoa rundo.

"Ukoka ni kumwagilia tu kila jioni"

Nilileta ukoka kirikuu nzima, nikamwaga udongo mweusi, nikapanda vizuri, kila jioni napita na mpira dakika tano kama mtu anayenyunyizia vumbi. Kwanza, maji ya juu juu yanafundisha mizizi kukaa juu juu, siku mbili ukisafiri ukoka umekauka. Ni bora uushibishe mara mbili tatu kwa wiki, asubuhi na mapema, maji yashuke. Pili, niliuweka mpaka chini ya mwembe, na huu ukoka wa kawaida ni mtoto wa jua, ukikosa masaa kama sita ya jua unakonda mpaka unabaki mchanga. Chini ya mti acha, weka changarawe au benchi.

Tatu ndiyo iliyoniuma. Kisima chetu kina chumvi, visima vingi vya ukanda huu vina chumvi, na mi nikaona maji ni maji. Baada ya miezi michache ncha za majani zikaanza kuungua, juu ya udongo kukawa na kaunga keupe, nikaongeza maji nikidhani ni kiu, kumbe naongeza chumvi. Onja maji yako kabla ya kununua mche hata mmoja. Kama yana chumvi basi nenda na vinavyovumilia: mnazi, mkungu, bogenvilia, na maji ya mvua toka kwenye tenki yawekee vile vyenye roho nyepesi.

Kapeti la majani ya plastiki sitalisema sana. Saa saba mchana peleka mtoto akalikanyage peku, atakupa jibu yeye.

"Ukuta ukiwa mrefu na umezibwa wote ndio nje inakuwa na faragha"

Faragha utapata, upepo utaukosa. Sisi watu wa pwani tuna bahati ya upepo unaojulikana kwa jina, kusi inatoka kusini mashariki kuanzia kama mwezi wa nne au wa tano, kaskazi inatoka kaskazini mashariki kuanzia kama Desemba mpaka Machi. Zote zinakuja na ubaridi wa bahari, af we unazijengea ukuta wa tofali futi tisa. Hata kama usalama wa mtaa wenu unataka ukuta mrefu, basi upande unaopokea upepo juu weka matofali ya matundu, chini ziba. Na wanaotumia minyaa kama fensi, sawa ni rahisi na haifi, ila utomvu wake ukiingia machoni ni hospitali, kama una watoto wanaovunja vunja vijiti angalia kingine.

Kuhusu kupaka miti chokaa nyeupe ili mchwa wasipande: mchwa hawajui rangi. Pakeni kama mnaona inapendeza, mi naona kama miti imevaa soksi.

"Hayo ni mambo ya wenye hela na viwanja vikubwa"

Bibi yangu Pangani alikuwa na ua ambao gari haigeuki. Mwarobaini mmoja, asumini ukutani, mkilua pembeni, mtungi wa maji kivulini, na mbele baraza ya udongo aliyoikandika mwenyewe. Hakuna aliyekuwa anakaa ndani kwake. Hakuchora ramani wala hakumwita mtu, ila alikuwa anajua saa kumi kivuli kiko wapi.

Ndio maana sasa nikiitwa na ndugu siendi na picha za kwenye simu, naomba kiti cha plastiki. Kabla ya kununua tofali wala mche, wiki nzima mwenye nyumba akae nje saa kumi, saa kumi na moja, saa kumi na mbili, akisikia joto ahame, pale anapotulia achore duara kwa chokaa. Mara nyingi ni mashariki ya nyumba, maana mchana ukishageuka nyumba yenyewe inakupa kivuli bure. Kwa yule shemeji wa miashoki duara liliangukia nyuma ya jiko, kati ya tenki na kamba ya nguo, mahali ambapo fundi alikuwa ameshapanga kuweka jalala. Akacheka, fundi naye akacheka. Tukahamisha kamba, tukajenga benchi la tofali lenye umbo la L, tukamwaga changarawe, na taa mbili za njano, sio zile nyeupe kali zinazoita wadudu wa mtaa mzima. Ramadhani iliyopita tulifuturu pale siku karibu zote, na kule mbele kwenye meza ya marumaru aliyonunua ghali, paka ndiye anayelala.