Namba tasa 2,147,483,647: sifa zake na uthibitisho wake

Namba tasa ni namba nzima iliyo kubwa kuliko 1 ambayo haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Kwa 7 au 13 jambo hilo huonekana papo hapo, lakini kwa 2,147,483,647 linahitaji hoja, na kwa maoni yangu hoja hiyo ina uzuri kuliko hata ukubwa wa namba yenyewe.

Namba hii ni 2³¹ − 1. Namba tasa za umbo la 2ⁿ − 1 hupewa jina la Marin Mersenne, padri na mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17. Ili namba ya umbo hilo iwe tasa, ni lazima kipeo n nacho kiwe tasa, ingawa sharti hilo peke yake halitoshi: 11 ni tasa, ilhali 2¹¹ − 1 ni 2,047, yaani 23 × 89.

Mwaka 1772 Leonhard Euler, mwanahisabati Mswisi, alieleza kwamba 2³¹ − 1 ni tasa. Kwa kawaida ingebidi kuijaribu kwa kila namba tasa isiyozidi kipeuo chake cha pili, ambacho ni 46,340 na ushei, na namba hizo ni zaidi ya elfu nne. Lakini hoja ifuatayo hupunguza kazi hiyo. Tuseme namba tasa p inaigawanya. Basi 2³¹ ikigawanywa kwa p hubaki 1; na kwa kanuni ya mwanahisabati Fermat, 2 yenye kipeo p − 1 nayo, ikigawanywa kwa p, hubaki 1. Kipeo kidogo kabisa cha 2 kinachoacha baki 1 lazima kiigawanye 31 na p − 1 pia; kwa kuwa 31 ni tasa, kipeo hicho ni 31 yenyewe, hivyo p − 1 haina budi kuwa kigawe cha 31, na kwa kuwa p ni witiri, ni kigawe cha 62. (Ndivyo ilivyo pia kwa 23 na 89: kila moja imezidi kigawe cha 22 kwa 1.) Sharti la pili ni kwamba p ikigawanywa kwa 8 lazima ibaki 1 au 7. Masharti hayo mawili yakiunganishwa, p huwa ya umbo la 248k + 1 au 248k + 63, na chini ya 46,340, ukiiacha 63 ambayo si tasa, zinabaki namba 372 tu za kuchunguzwa. Iliyo tasa ya kwanza kati yake ni 311, na kugawanya kwa hiyo huacha baki 35. Nyingine zote nazo huacha baki.

Utasa huo huzaa sifa nyingine: 2³⁰ × (2³¹ − 1), yaani 2,305,843,008,139,952,128, ni sawa kabisa na jumla ya vigawo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe. Kwenye kompyuta, 2,147,483,647 ndiyo namba nzima kubwa kuliko zote inayoweza kuhifadhiwa kwa biti 32 (yaani nafasi 32, kila moja ikiwa 0 au 1) pale biti moja inapotumika kuonyesha chanya au hasi.