Motisha dukani ni nini, na kwa nini inaanzia kwenye shoti

Geti limeshushwa nusu, feni imezimwa, keshia anahesabu noti kwa mara ya tatu. Daftari linasema mauzo ya leo ni 1,460,000. Droo ina 1,445,000. Hakuna anayemuuliza elfu kumi na tano imeendaje. Bosi anachukua kalamu, anaandika jina la keshia, na mbele yake: shoti 15,000. Itakatwa mwisho wa mwezi. Kesho asubuhi bosi huyohuyo atamwambia awachangamkie wateja.

Nilisimama kwenye kaunta za namna hiyo Kariakoo kwa miaka kadhaa kabla sijakabidhiwa watu wa kuwasimamia, kwa hiyo nikisikia motisha inaelezwa kuwa ni zawadi ya kumfurahisha mfanyakazi, huwa nakumbuka ile droo.

Motisha ni ile sababu inayomfanya mtu afanye kazi vizuri hata pale ambapo hakuna anayemtazama. Kwa muuza duka hilo ni jambo zito, maana sehemu kubwa ya kazi yake haionekani. Mteja ameuliza kitenge cha rangi fulani, muuzaji akajibu "hamna" bila kuinuka kwenda stoo. Nani atajua? Daftari linaandika kilichouzwa; mteja aliyetoka mikono mitupu haandikwi popote. Ukali wa bosi unaweza kumfanya mtu afike saa mbili kamili. Hauwezi kumfanya apande ngazi kushusha doti ya saba baada ya mama kuzikataa sita.

Waliosomea mambo haya wana namna yao ya kuyagawa. Mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, na wenzake waliwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh, na mwaka 1959 wakatoa walichokipata: yanayomchukiza mtu kazini na yanayompa ari ni mafungu mawili tofauti. Mshahara, kanuni za kazi, tabia ya msimamizi na mazingira vikiwa vibaya mtu hununa, vikiwa vizuri anaacha kununa, basi. Kinachompa ari ni kufanikisha jambo, kutambuliwa, kuaminiwa na jukumu, kupanda cheo. Wanataaluma wenzake walimpinga sana, kwa hoja nzuri tu kwamba ukimuuliza mtu, mazuri atasema yametokana na juhudi zake na mabaya atawabebesha wengine. Na mimi naongeza langu: mhasibu wa Pittsburgh hakuwa akigombania daladala ya Mbagala saa moja usiku na mshahara ambao umeshaliwa na shoti. Kwa mtu wa kaunta, pesa ina uzito kuliko Herzberg alivyoipa. Ila mgawanyo wenyewe unasaidia, kwa sababu mabosi wengi hukimbilia fungu la pili, mfanyakazi bora wa mwezi, picha ukutani, keki, wakati la kwanza linavuja.

Na linapovujia zaidi, kwa nilivyoona, ni kwenye shoti. Shoti ni upungufu wa pesa au mzigo ukilinganisha na hesabu. Inaweza kuwa wizi. Inaweza pia kuwa chenji iliyozidi, bei iliyoandikwa vibaya, mzigo uliopokelewa ukiwa pungufu tangu kwa msambazaji, au bosi mwenyewe aliyepita mchana akachukua "elfu kumi ya mafuta" akasahau. Siku hizi kuna na hii ya lipa namba: mteja analipa kwa simu, ujumbe unaingia kwenye simu ya bosi, muuzaji anaandika mauzo bila kuonyesha kuwa si taslimu. Jioni droo inaonekana pungufu. Ile elfu kumi na tano niliyoanza nayo ilipatikana hivyo, siku tatu baadaye, kwenye simu.

Wengi hawajui kuwa sheria imeliingilia jambo hili. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu kukata mshahara kufidia hasara mpaka iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Mwajiri ampe kwa maandishi sababu ya deni, kiasi chake na namna kilivyopatikana, ampe na nafasi ya kulipinga. Makato yote ya fidia hiyo yasizidi robo ya mshahara: anayelipwa 240,000, mwisho 60,000. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaruhusu kukata upungufu uliotokana na uzembe au kukosa uaminifu, tena kwa mtu ambaye mkataba wake umetaja wazi kuwa amekabidhiwa kupokea na kutunza pesa. Ule mtindo wa kugawa shoti sawasawa kwa wote waliokuwa zamu haumo humo. Na unaharibu kitu ambacho bonasi haiwezi kukirudisha: anayelipia kosa la mwenzake hupunguza bidii, na wengine hujilipa kimyakimya.

Dawa yake si kubwa. Makabidhiano ya droo kwa kuhesabu mbele ya wote wawili zamu inapobadilika, na safu moja ya ziada kwenye daftari kwa malipo ya simu. Bosi naye akichukua, aandikwe.

Fungu la pili sasa. Anayetaka kuona nguvu ya kulipwa kwa kadiri ulivyouza amtazame winga wa Kariakoo. Hana mshahara. Anamkamata mteja barabarani, anampeleka dukani, na chake ni cha juu, yaani kile anachoongeza juu ya bei ya duka. Hachoki, hanuni, anajua kila duka lenye viatu namba 45. Lakini hatakupangia mzigo, hatafagia, na mteja akirudi kesho na zipu iliyokatika humuoni. Ukimlipa kila muuzaji wako kamisheni ya alichouza peke yake utakuwa umejitengenezea mawinga ndani ya duka: watagombania wateja mlangoni, na maboksi yatalala njiani. Ndiyo maana napendelea kamisheni ya duka zima, inayogawanywa mauzo yakivuka lengo la mwezi, na lengo liwe linafikika. Lengo la Desemba ukiliweka Februari, shule zimeshafunguliwa na watu wamemaliza pesa kwenye ada, huwa ni matusi tu.

Kitu kilichonifanyia kazi kuliko kamisheni, na kisichogharimu chochote, ni bei ya mwisho. Maduka mengi muuzaji hana ruhusa ya kushusha hata mia tano. Mteja akiomba apunguziwe, jibu ni "ngoja nimpigie bosi". Simu haipokelewi, mteja anaondoka, na muuzaji ameonekana mtoto mbele ya watu. Tulianza kuwapa wauzaji bei mbili kwa kila bidhaa, ya kuanzia na ya kuishia, na kati ya hapo wafanye wanavyoona. Wiki ya kwanza mmoja wao aliuza karibu kila kitu kwa bei ya kuishia, nikaanza kujuta. Hatukumkata. Tulikaa naye jioni, tukapitia mauzo yake mstari kwa mstari, akatuonyesha mwenyewe wateja watatu ambao wangelipa zaidi. Wiki iliyofuata nilimsikia akimwambia dada mmoja aliyekuwa akivuta kumi na mbili ifike kumi, "Dada yangu, hii duka langu, kumi na moja na nusu ndiyo nakusaidia." Duka si lake. Sikumsahihisha.