Kamera inayozima Magharibi

Mwenye nyumba ya wageni mmoja wa Shela, Lamu, alinipigia simu akiwa amekata tamaa. Kamera ya lango lake la upande wa bahari ilifanya kazi mchana kutwa bila kasoro, lakini jua likizama tu picha inakatika. Inarudi, inakatika tena, hivyo hivyo mpaka alfajiri. "Fundi, kamera hii ikisikia adhana ya Magharibi inazima," aliniambia. Alikuwa ameshabadilisha kamera mara mbili. Nilipofika, ya tatu ilikuwa mezani ndani ya boksi, ikingoja nije niifunge.

Sikuifunga. Nilitoa mita yangu, nikapanda ngazi hadi ilipo ile kamera ya zamani, nikapima umeme unaoifikia huku ikiwa inawaka. Volti 10.5. Kisha nikaziba jicho lake kwa kiganja ili idhani usiku umeingia. Taa zake zikawaka, mita ikaporomoka hadi 8, na kamera ikazima mikononi mwangu saa tano ya mchana, jua likiwa kali.

Kamera ya usiku ina taa za infraredi kuzunguka lenzi, taa ambazo macho yetu hayazioni. Mchana zimezimwa, na kamera inakula umeme kidogo, kama ampea 0.15. Giza likiingia zinawaka, na mahitaji yanapanda hadi ampea 0.4 hivi. Umeme huo ulitoka kwenye adapta ya volti 12 iliyokuwa ofisini, ukasafiri mita 60 ndani ya waya mwembamba wa kebo ya neti, ile ya mtandao wa kompyuta. Waya wa aina hiyo, ukiwa wa shaba safi, una ukinzani, yaani kule kuuzuia umeme usipite, wa karibu omu 8.4 kwa kila mita 100. Umeme huenda na kurudi, kwa hivyo njia nzima ilikuwa kama omu 10. Zidisha mwenyewe ampea kwa omu: mchana zinapotea volti 1.5 njiani, na kamera inaridhika na kilichobaki. Usiku zinapotea volti 4. Kamera nyingi zikishuka chini ya volti 9 haziwezi kusimama. Inazima, taa zinazima nayo, mzigo unaondoka kwenye waya, volti zinapanda tena, kamera inaamka, inakuta giza, inawasha taa, inaanguka upya. Ndiyo maana picha ilikuwa ikija na kuondoka usiku kucha.

Dawa ilikuwa ndani ya kebo ile ile. Kebo ya neti ina jozi nne za nyaya. Fundi aliyetangulia alitumia jozi moja kwa picha na moja kwa umeme, akaziacha mbili zimelala bure. Nilizifunga jozi tatu pamoja zibebe umeme, ukinzani ukashuka hadi theluthi, na upotevu wa usiku ukawa volti 1.3 tu. Jioni tulikaa naye barazani, adhana ikasomwa, picha ikabaki palepale. Kamera ya tatu aliirudisha dukani.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kamera nyingi ninazoitwa kuzibadilisha hapa kisiwani ni nzima. Zimenyimwa umeme, au zimeliwa na chumvi, au zimetazamishwa pabaya. Watu wanatumia pesa kununua jicho jipya, na maradhi yako kwenye mshipa.

Kwa hivyo kamera yako ikisumbua, usiipime umeme ikiwa imechomolewa. Waya usio na mzigo utakuonyesha volti 12 kamili hata kama ni mbovu. Pima kamera ikiwa inafanya kazi, na uizibe jicho. Kisha tazama waya wenyewe. Kuna kebo nyingi za bei rahisi ambazo ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: chini ya wekundu ukiona weupe, umeuziwa hiyo. Ukinzani wake unazidi ule wa shaba safi kwa zaidi ya nusu, na ukiukunja mara mbili tatu unakatika. Kwa umbali ule wa Shela, kebo hiyo ingeiacha kamera ukingoni hata mchana.

Kama unaanza upya kabisa, mimi husema chukua kamera za mtandao zinazolishwa kwa PoE, yaani kebo moja ya neti inabeba picha na umeme pamoja. Umeme wake husafiri kwa volti karibu 48, na ukipandisha volti, ampea zinazohitajika zinapungua, na kinachopotea njiani kinakuwa kidogo mno. Mpaka wake ni mita 100 kwa kipande kimoja cha kebo. Ukitaka zaidi, weka swichi ya mtandao katikati. Lakini kama nyumba yako ina ule waya mnene wa zamani unaofanana na wa antena ya televisheni, na bado ni mzima ndani ya ukuta, usiung'oe. Kamera za kisasa za analogi hupitisha picha safi kabisa humo humo. Kuta zetu ni za matumbawe na chokaa, zimejengwa kwa mikono ya watu waliojua kazi yao, na kila tundu unalotoboa ni jeraha. Mji wa kale wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001. Drili inayogonga hubomoa tumbawe, na plagi ya plastiki hailishiki vizuri. Natoboa taratibu bila kugonga, na nikipata boriti ya kushika parafujo, nashukuru.

Chumvi nayo. Kusi ikivuma, upande wa Shela hakuna kitu kinachosalimika. Unafungua kiungo cha waya kilichofungwa miezi sita nyuma unakuta unga wa kijani, shaba imeoza. Maandishi ya IP66 au IP67 kwenye boksi yanakuambia vumbi na maji hayataingia ndani ya mwili wa kamera. Hayasemi neno juu ya mkia wa waya unaoning'inia nje na konekta zake. Hapo ndipo maradhi huingia. Konekta zote ziingie ndani ya kiboksi kilichofungwa, zipakwe grisi ya silikoni, na waya uachwe ulegee chini kidogo kabla ya kuingia, ili maji yadondoke yasifuate njia hiyo. Ukitumia silikoni ya kuziba, iache ile inayonuka siki. Harufu hiyo ni asidi, nayo huila shaba. Parafujo ziwe za chuma cha pua cha daraja la 316. Zile za kawaida zinalia kutu kwenye ukuta mweupe mapema sana. Na jicho la kamera usilifute kavu. Chumvi na mchanga vikisuguliwa juu ya kioo ni kama msasa. Mwagia maji matamu kwanza, kisha futa kwa kitambaa laini. Maji ya kisima chenye chumvi yatakurudisha ulipokuwa.

Kamera zenye kifuniko cha plastiki kama bakuli sizipendi hapa kwetu, nasema wazi. Chumvi inakifanya kifuniko kuwa na ukungu, na usiku mwanga wa infraredi unagonga ukungu huo na kurudi kwenye lenzi, picha yote inakuwa kama moshi. Zile ndefu kama tochi hazina shida hiyo, ila buibui huzipenda kwa sababu taa zake huvuta wadudu. Uzi mmoja wa buibui mbele ya lenzi, usiku unaonekana kama kamba nyeupe ya jahazi. Ufagio kila wiki unatosha.

Sasa kuchagua. Mteja wangu huanza na swali la megapikseli, yaani mamilioni ya nukta (pikseli) zinazounda picha, nami humrudisha nyuma: unataka kujua nini? Kwamba kuna mtu amepita, au mtu huyo ni nani? Haya ni mambo mawili yanayotaka kamera mbili tofauti. Kiwango cha kimataifa cha kazi hii, IEC 62676-4, katika toleo lake la 2014 kilitaka pikseli 250 kwa kila mita ya mandhari ili uso wa mtu usiyemjua utambulike. Kamera ya megapikseli 2 ina pikseli 1,920 kwa upana. Gawanya kwa 250 upate mita 7.7 hivi. Mandhari ikiwa pana kuliko hapo, unaona umbo la mtu, sura huipati. Lenzi ya milimita 2.8, ambayo ndiyo imejaa madukani, hutazama kwa pembe ya karibu digrii 100, na kwa pembe hiyo upana wa mita 7.7 unaufikia ukiwa mita 3 na kidogo tu kutoka kwenye kamera. Aliyesimama mita 10 ni kivuli chenye kanzu. Lenzi ya milimita 6, kwa kamera ile ile, itakupa sura hadi kama mita 8. Hujaongeza megapikseli hata moja.

Na vichochoro vyetu vina tabia yao. Ni vyembamba, virefu, na kuta zake ni ndefu kwenda juu. Picha ya kamera ni pana kama ya televisheni. Ukiielekeza kichochoroni, nusu ya picha inakuwa ukuta kushoto na ukuta kulia, na punda na watu wamebanwa katikati. Kamera nyingi za mtandao zinakubali kugeuzwa digrii 90, uzungushe mwili wake kisha uibadilishe kwenye mipangilio, picha isimame wima kama mlango. Kichochoro kizima kinaingia, kutoka kizingitini mpaka kona ya mbali. Jambo hili halikuongezei hata shilingi, na bado sioni likifanywa. Tahadhari moja tu: usiibandike kamera ikagusana na ukuta wa chokaa. Chokaa nyeupe hurudisha mwanga wa infraredi, kamera inadhani pote pana mwanga, na kilicho mbali kinazama gizani. Itoe nje kwa mkono wake, ukuta ubaki pembeni kabisa ya picha.

Kuna jambo zito zaidi ya lenzi. Nyumba za Lamu zimejengwa kumsitiri aliye ndani. Mlango una daka, yaani ukumbi mdogo wa kuingilia, na hata ukifunguliwa, mpita njia haoni ndani. Juu kabisa ya nyumba kuna dari, ambako kina mama hupumzika bila kuvaa buibui. Kamera moja iliyofungwa kwa uzembe juu ya wikio, kile chumba kinachovuka juu ya kichochoro, inavunja sitara ya nyumba tatu. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inagusa pia picha za watu, lakini kabla ya sheria kuna ujirani. Kazi ya mtaa wa Mkomani iliwahi kunisimamisha siku nzima kwa sababu bi mkubwa wa nyumba ya pili aliona ngazi yangu akasema, "Mwanangu, jicho hilo linatazama wapi?" Nilimwamkia shikamoo, nikashuka na simu, nikamwonyesha picha yenyewe. Kipande cha dari yake kilikuwa kimeingia. Mbele yake nikachora kiziba cheusi juu ya kipande hicho kwenye mipangilio ya kamera, kisha nikaishusha pembe kabisa kisiingie tena. Tangu hapo naenda kwa majirani kwanza, ngazi baadaye.

Nywila sitaziongelea sana, ila badilisha ile ya kiwandani siku ile ile. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na rekoda (mashini zinazohifadhi picha za kamera) nyingi mno duniani kwa kujaribu nywila za kiwandani tu, na kwa jeshi hilo mitandao mikubwa ya Marekani iliangushwa kwa saa kadhaa.

Kilichoniuma kuliko vyote ni saa. Mvuvi mmoja aliibiwa mashini ya boti yake. Alikuwa na kamera nne zinazotazama gati, nzima zote. Alijua wizi ulitokea kati ya saa nane na saa kumi usiku, akafungua rekoda akatazama 02:00 hadi 04:00. Giza, maji, hakuna mtu. Alirudia usiku hadi usiku, akamshuku mlinzi wake. Siku ya kumi na tatu akaniita. Rekoda ilikuwa bado na saa ya kiwandani, ya China, iliyotangulia yetu kwa saa tano. Alichokuwa akitazama ni saa tatu hadi saa tano za usiku. Wizi wenyewe ulikuwa umeandikwa 07:00 hadi 09:00, mahali ambapo hakuna mtu angefikiria kutafuta.

Nikaenda hapo. Hapakuwa na kitu. Kila kamera yake ilikuwa ikiandika megabiti 2 kwa sekunde, sawa na gigabaiti 21.6 kwa siku. Nne ni 86.4. Diski ya terabaiti moja inajaa kwa siku 11 na kitu, kisha rekoda inaanza kufuta za zamani kimyakimya. Tulichelewa kwa siku moja na nusu. Yule mzee alikaa kimya muda mrefu akiitazama skrini, kisha akaniuliza kama mlinzi anaweza kumsamehe.

Sasa kazi haijaisha mpaka nifanye hivi. Naweka rekoda kwenye GMT+3, nahakikisha inajirekebisha kwa intaneti, na kama hakuna intaneti natazama betri yake ndogo ya CR2032 inayotunza saa. Kisha nasimama mbele ya kila kamera nikiwa nimeinua simu yangu inayoonyesha saa. Narudi ndani, nampa mwenye nyumba kipanya mkononi, namwambia: nitafute. Namuacha ahangaike mwenyewe mpaka anione nimesimama pale na simu, na saa mbili zile, ya skrini na ya mkononi mwangu, ziwe moja. Asipoweza kunipata, nakaa naye mpaka aweze.