Fonti Nene Iliyobanwa: Ni Nini na Inafaa Wapi

Msimu wa korosho, mabango mengi ya Mtwara na Lindi huandikwa kwa herufi za aina moja: ndefu kwenda juu, nyembamba kwa upana, nene, tena zimesogeleana. Hiyo ndiyo fonti nene iliyobanwa. Ncha zake zimekatwa wazi, hazina vile vikia vidogo vya Times New Roman. Ni fonti ya vichwa na mabango, si ya kuandikia barua.

Inayojulikana zaidi ni Impact, aliyoichora Mwingereza Geoffrey Lee ikatoka mwaka 1965. Kompyuta nyingi za Windows huja nayo. Bebas Neue ni ya Mjapani Ryoichi Tsunekawa, na Anton ni ya Vernon Adams. Hizi mbili unazipakua bure.

Itazame herufi O kwa karibu. Pande zake mbili zimenyooka wima, mkunjo umebaki juu na chini tu. Mistari ya wima imeachwa minene kidogo kuliko ya mlalo, kwa kuwa mistari hiyo ikilingana, jicho huona wa mlalo ndio mnene. Na pale mkunjo wa n unapoungana na mguu, mchoraji amepakondesha ili pasitokee doa jeusi. Ndiyo maana ukichukua Arial ukaiminya kwa mausi hupati kitu hicho: miguu ya wima inakonda, ya mlalo inabaki na unene wake, na E inafanana na ngazi.

Kiswahili kinaihitaji fonti hii kuliko lugha nyingi, maana maneno yetu ni marefu. Chukua ZILIZOBANGULIWA, herufi 15, kwenye bango la mita 3. Ukiacha ukingo zinabaki mita 2.7, yaani sentimita 18 kwa kila herufi. Kwa fonti nene ya kawaida, kimo kitaishia kama sentimita 20. Kwa Bebas Neue kinafika kama 32. Watengeneza mabango hukadiria sentimita 2.5 za kimo kwa kila mita 3 za umbali ili maandishi yasomeke vizuri. Kwa hiyo la kwanza linasomeka vizuri kutoka mita 24, la pili kutoka mita 38. Dereva anayekaribia njia panda ya Mnazi Mmoja, kule Lindi, kwa kilomita 50 kwa saa anapata sekunde moja zaidi ya kusoma. Ni nyingi hizo.

Ubaya wake ni matundu. Nafasi ndani ya A, B, R na e ni finyu, na wino ukitawanyika kidogo zinaziba. Kwenye karatasi sipendekezi chini ya pointi 14, na aya nzima usiithubutu. Kwa stika za bajaji zinazokatwa kwa plota, yaani mashine ya kukatia stika, herufi chini ya sentimita 2 hivi zitakusumbua: vipande vidogo vya ndani vinang'oka ovyo unapobandua mabaki. Namba ya simu ndiyo inayoumia kuliko yote. Midomo ya 3, 6 na 9 imefumbwa, kwa mbali zote zinaonekana 8, na mteja anampigia mtu mwingine. Jina la biashara liwe kwa Anton, namba iwe kwa fonti pana.

Ukiandika kwa herufi kubwa tupu, ongeza nafasi kati ya herufi. Kwenye Illustrator, programu ya kuchora ya kompyuta, anza na 20 katika kisanduku cha Tracking. Mistari inaweza kukaribiana kwa sababu hakuna mikia ya g wala y: Bebas Neue ya pointi 100 inakaa vizuri kwa pointi 90 kutoka mstari hadi mstari. Impact na Anton zina kimo kirefu zaidi, hizo ziachie nafasi.

Kabla ya kupeleka faili kwa mchapaji, geuza maandishi yawe michoro. Kompyuta yake ikikosa hiyo fonti, programu itaweka nyingine, mara nyingi pana zaidi, na neno la mwisho litatoka nje ya bango.