MS na picha za ubongo: maswali ya wagonjwa na ndugu zao Dar es Salaam

MS ni ugonjwa gani?

Kirefu chake ni multipo sklerosisi. Kinga ya mwili inageuka na kushambulia mayelini, utando wa mafuta unaofunika nyuzi za fahamu katika ubongo na uti wa mgongo. Utando ukichubuka, taarifa zinachelewa au hazifiki kabisa. Dalili hutegemea palipochubuka: jicho moja kuingia ukungu na kuuma ukiligeuza, miguu kufa ganzi, mkojo kushindwa kuzuilika, uchovu usioondoka hata ukilala. Huanza zaidi kati ya miaka 20 na 40, na wanawake huupata zaidi kuliko wanaume. Hauambukizi, na si kurogwa.

Dada yangu jicho lilififia, baada ya wiki kadhaa likarudi lenyewe. Si amepona?

Hapa ndipo wengi tunapowapoteza. Mtu anapita duka la dawa, anapewa matone, jicho linarudi, habari inaishia hapo. Mwaka unaofuata mguu unakuwa mzito, anakwenda hospitali nyingine, na hakuna anayemuuliza habari za jicho. MS mara nyingi huja na kuondoka hivyo hivyo. Mwambie dada amweleze daktari yote mawili, hata kama limepita siku nyingi.

Picha za MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku, zilianzaje kutumika kwa ugonjwa huu?

Mwaka 1868 huko Paris, Jean-Martin Charcot aliuelezea ugonjwa huu kwa kulinganisha dalili za wagonjwa na makovu aliyoyaona kwenye ubongo wao baada ya kufa. Kwa zaidi ya miaka 100 hali ilibaki hivyo: kovu lenyewe lilionekana kwa uhakika mtu akishafariki. Mwaka 1981 watafiti wa London walionyesha kuwa MRI inayaona makovu hayo, kama madoa, kwa mtu aliye hai, tena mengi kuliko siti skani, picha inayotumia eksrei.

Kazi ninayoiheshimu zaidi ni ya Ian McDonald, daktari mzaliwa wa New Zealand aliyefanya utafiti Queen Square, hospitali ya mishipa ya fahamu huko London. Yeye na wenzake waliwapiga picha wagonjwa walewale tena na tena. Wakakuta madoa mapya yanajitokeza hata mgonjwa anapojisikia mzima. Kwa kutumia dawa ya gadolini inayochomwa mshipani, waliona pia kwamba doa jipya huendana na kuvuja kwa kizuizi kati ya damu na ubongo. Vigezo vya mwaka 2001 vya kutambua MS vina jina lake, na vimerekebishwa mara kadhaa tangu hapo. Msingi wa vigezo hivyo vya 2001 ulikuwa kuthibitisha kwamba ugonjwa umegusa sehemu tofauti, kwa nyakati tofauti, na kwamba hakuna maelezo mengine yanayofaa zaidi.

MRI ina mionzi?

Haina mionzi ya eksrei. Inatumia sumaku kali. Inagonga kwa kelele, utapewa vya kuziba masikio. Sema mapema kama una betri ya moyo, chuma mwilini, ujauzito au tatizo la figo. Vua hereni, cheni, pini za mtandio, na hirizi kama ina chuma.

Ripoti imeandika nina madoa meupe. Ndiyo MS?

Usikubali jibu la haraka. Presha, kisukari, kipandauso na umri navyo huacha madoa. Ya MS hupendelea kukaa pembeni ya vyumba vya maji ya ubongo, karibu na gamba la ubongo, na kwenye uti wa mgongo. Kaswende, VVU na upungufu wa vitamini B12 vichunguzwe pia.

Kuna ugonjwa ulio ndugu wa karibu wa MS, NMO (neuromielitisi optika), anayeshambulia macho na uti wa mgongo na kuwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika. Kingamwili yake ilitambuliwa mwaka 2004 na Vanda Lennon na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani. Kutofautisha ni lazima, maana baadhi ya dawa za MS humzidishia ugonjwa mtu wa NMO.

Mbona joto la Februari linanizidishia ganzi?

Nyuzi zilizochubuka hupitisha taarifa vibaya zaidi mwili ukipata joto. Ukishuka kwenye daladala iliyojaa, ukakaa kivulini na kitambaa cha maji shingoni, hali hurudi. Hiyo si lazima iwe shambulio jipya. Dalili ikidumu zaidi ya saa 24, nenda hospitali.

Dawa zipo?

Za kuponya kabisa hakuna, ila zipo za kupunguza mashambulizi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa tatu za MS kwenye orodha ya dawa muhimu, mojawapo rituximabu. Bei bado ni nzito. Ulizia bima yako kabla ya kuanza.

Nianzie wapi?

Hospitali iliyo karibu nawe, uombe rufaa kwa bingwa wa mishipa ya fahamu, kwa mfano Muhimbili. Ukishapigwa MRI usiridhike na karatasi ya ripoti tu. Omba picha zenyewe kwenye CD na uzitunze. Bingwa atazihitaji kuzilinganisha na za mwakani.