Kwa nini karakana za reli zina paa juu ya paa?

Tazama karakana ya enzi za gari la moshi: paa pana la mabati, na juu ya mgongo wake kipaa kingine kidogo, kimeinuliwa kama kofia isiyokaa sawasawa. Si pambo. Injini iliwashwa makaa saa kadhaa kabla ya safari, ikiwa bado humo ndani. Moshi wa makaa una salfa. Ukichanganyika na unyevu huwa asidi, hula chuma na kuchoma mapafu ya mafundi. Ndiyo maana mwanya uliachwa juu kabisa: hewa ya moto ipande itoke, nyingine iingie milangoni.

Injini nayo haiwezi kukwepa nguzo, kwa hiyo kenchi ndefu za chuma zilibeba paa na sakafu ikabaki wazi. Katikati ya reli palichimbwa shimo, fundi asimame humo alifikie tumbo la injini.

Majengo ya reli mara nyingi huachwa yangali mazima, kwa kuwa treni zimeyazidi. Roundhouse ya London, karakana ya duara ya mwaka 1847, haikuchukua miaka mingi injini zikawa kubwa kuliko nafasi yake. Ikageuzwa ghala la pombe, na miaka ya 1960 ikawa ukumbi wa muziki na maigizo. Stesheni ya Orsay, Paris, ilifunguliwa 1900. Kufikia 1939 majukwaa yake yalikuwa mafupi mno kwa treni za safari ndefu. Tangu 1986 ni makumbusho.

Kwetu Mombasa reli ilianza kutandazwa 1896, ikafika Kisumu 1901. SGR, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ilipoanza 2017, abiria wa Nairobi wakahamia stesheni yake ya Miritini, na stesheni ya kisiwani, pale Mwembe Tayari, ikapoa. Kuiona vile kunaniuma.

Lakini tusinakili Ulaya kibubusa. Kule karakana nyingi zina paa la meno ya msumeno, vioo vikitazama kaskazini kukwepa jua. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta: Juni jua liko kaskazini, Desemba liko kusini, hakuna upande wa kukimbilia. Hapa kioo kingi ni tanuri. Tunachohitaji ni kivuli, na upenyo wa pepo za kusi na kaskazi.

Anayetaka kugeuza godauni la zamani kuwa soko au chuo cha ufundi apime kwanza mafuta yaliyozama ardhini na asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, iliyofungwa kwenye mabomba. Kisha apande juu, akwangue kutu ya chumvi, na ule mwanya wa mgongoni auache wazi.