Abasia sio jengo: kisa cha Jumièges

Juzi tena nimeona video ya jamaa anatembeza kamera kwenye magofu ya Jumièges, kile kijiji cha Normandy, Ufaransa, pale mto Seine unapojikunja, anaanza kwa kusema "hii katedrali ya kale", dakika mbili mbele imeshakuwa "kanisa la parokia", afu mwishoni inakuwa abasia, yani kama vile yote matatu ni kitu kimoja. Sehemu ile naipenda sana, so naomba nilitoe hili moyoni.

Abasia ni jumuiya ya wamonaki, yani watawa wa kiume, inayojitegemea chini ya abate wao, au ya masista chini ya mama wao abesi. Basi. Katedrali ni kanisa lenye kiti cha askofu, na ya upande ule iko Rouen. Parokia mnaijua.

Sasa neno lenyewe. Abasia linatokana na abba, Kiaramu, maana yake baba, ni ileile "Aba, Baba" tunayoisoma kwenye Marko pale Yesu anaposali Gethsemane, na ni ndugu wa "abu" ya Kiarabu iliyomo kwenye majina kama Abubakari. Wale wamonaki wa mwanzo wa jangwani Misri walikuwa wanawaita wazee wao abba, Wagiriki wakalichukua, Walatini wakalifanya abbas, na nyumba anayoiongoza huyo baba ikawa abbatia, ndo Wafaransa wakapata abbaye na sisi abasia. Hata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ule mwongozo wa maisha ya wamonaki, ina sura nzima kuhusu abate, inasema anaitwa hivyo kwa sababu anashika nafasi ya Kristo kama baba wa nyumba. Kwa hiyo ndani ya neno hili hakuna jiwe wala mnara, kuna baba na watoto wake.

Ukilishika hilo ndo utaielewa Jumièges. Mtakatifu Philibert aliianzisha mwaka 654. Mwaka 841 Waviking, wale wavamizi wa kutoka Skandinavia, wakaja kwa mto wakaichoma, wamonaki wakakimbia, na bado haikuishia pale, maana karne ya 10 wamonaki walirudishwa, wakapata abate, maisha yakaendelea mpaka wakajenga lile kanisa kubwa la Notre-Dame lililowekwa wakfu 1067 mbele ya William yuleyule aliyetoka kuiteka Uingereza. Abate wao mmoja, Robert, alikuwa ameshafika mpaka kuwa askofu mkuu wa Canterbury, Uingereza.

Wengi wanasema imebomolewa na vita. Hapana. Mwisho wake ulikuja kwa karatasi: Novemba 1789 Bunge la Mapinduzi ya Ufaransa likafanya mali za Kanisa kuwa mali ya taifa, Februari 1790 likafuta nadhiri za kitawa, wamonaki wakatawanyika. Kuta zilikuwa bado zimesimama lakini abasia ilikuwa imeshaisha. Baadaye majengo yakauzwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1800 mfanyabiashara wa mbao aliyeyanunua akawa anayalipua kwa baruti auze mawe. Mengine yaliyochongwa vizuri yalivushwa bahari yakajengewa jumba la Highcliffe kusini mwa Uingereza, na hakuna anayesema abasia ya Jumièges ilihamia Highcliffe, si ndio? Mawe yalihama, ila hakuna baba aliyehama nayo.

Leo ukiingia pale unasimama kwenye majani, juu hakuna paa, mbingu tu, kuta nyeupe za mawe ya chokaa zinapanda mita 25 hivi kila upande, minara miwili ya mbele inafika kama mita 46, na ukigeuka kutazama ilipokuwa altare unakuta tao moja kubwa limebaki peke yake, nyuma yake miti. Mimi picha ya lile tao huwa siwezi kuipita haraka.

Kuna na hili la "abbé". Kwa Kifaransa neno hilo ni abate, lakini siku hizi wanaitwa hivyo mapadri wa jimbo wa kawaida, Congo na Burundi utasikia Monsieur l'Abbé kila siku, afu mtu anatafsiri "abate" na padri kijana anajikuta amepewa abasia nzima. Chanzo kimojawapo ni kwamba baada ya mkataba wa 1516 kati ya mfalme François wa Kwanza na Papa, mfalme ndo alikuwa anateua maabate wengi Ufaransa, na wengi wa walioteuliwa hawakuwa hata wamonaki, walikula mapato ya nyumba wakiwa mbali, mpaka jina likapoteza uzito likawa la kila mwenye kanzu. Kwa kweli inauma, neno la baba kupewa mtu asiyelala nyumbani.

Tanzania hatuna kisingizio kikubwa maana Peramiho na Ndanda abasia zipo na zina watu ndani, ingawa naelewa mkanganyiko, kwa miaka mingi abate wa pale ndiye alikuwa anaongoza eneo zima kama askofu.

Kwa hiyo ndugu yangu wa video, picha zako nzuri sana, ila pale andika "magofu ya iliyokuwa abasia ya Jumièges", na lile jengo lenye minara liite kanisa la abasia. Na Abbé wa Bukavu mwite padri tu, inatosha.